Nyumba ya Martha Ilikuwa Mtaa Gani?



Kijana mwenzangu, leo tuongelee kiwanja. Najua hapa umezoea habari za sala, uchumba na miito, lakini mwaka huu kuna swali ambalo vijana wameniuliza kuliko hata lile la "nitajuaje kama naitwa?" Nalo ni hili: "Frateri, nimejikusanyia hela kidogo. Sijaoa (au sijaolewa). Ninunue nyumba mtaa gani?"

Kwa kawaida swali hilo linapelekwa kwa dalali. Dalali atakujibu kwa bei, kwa umbali hadi kwenye lami, kama umeme umefika au nguzo bado, na atamalizia na ile kauli yao ya siku zote, kwamba baada ya miaka miwili eneo hili hutaligusa. Sawa, hayo nayo unayahitaji. Ila Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anafundisha kwamba mji huanza ili watu wapate kuishi, na unaendelea kuwepo ili waishi vema. Dalali anajua mambo ya kuishi. Kuishi vema hakumo kwenye asilimia yake kumi.

Naandika nikiwa Tura, ambako nimetumwa kwa mwaka wangu wa kichungaji. Kama hupajui, Tura ipo Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, kwenye reli ya kati. Kabla ya reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912, hapa palikuwa njia ya misafara. Wapagazi walitoka pwani, wakapita Ugogo, kisha wakaingia lile pori la kiu waliloliita Mgunda Mkali. Wakilimaliza pori, makazi ya Unyamwezi waliyoyafikia kwanza yalikuwa Tura. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapa na mwenzake Speke mwaka 1857, aliandika kwamba jina lenyewe maana yake ni "tua", yaani tua mzigo wako. Mpagazi mwenye zaidi ya kilo 30 begani, aliyetembea siku nyingi akihesabu maji kwa vikombe, hakuhitaji kufafanuliwa jina hilo. Msafara ulipumzika, ukanunua chakula, ndipo ukaendelea hadi Tabora, ambayo Burton aliijua kwa jina la Kazeh.

Basi hapa Tura alizaliwa dada mmoja ambaye habari yake ndiyo iliyonifanya niandike. Amekubali niisimulie bila jina. Ni muuguzi mjini Tabora, umri umeshapita thelathini, hajaolewa, na kwa miaka amekuwa akipanga chumba na sebule. Amejibana, akacheza mchezo na wenzake, akaweka akiba. Sasa ana uwezo wa kununua, na mbele yake kuna sehemu mbili.

Ya kwanza ni pagale katika mtaa wa zamani, si mbali na Hospitali ya Kitete. Limefika kwenye renta, bado bati. Nyumba zimebanana, eneo halijapimwa vizuri, na mkataba wa mauziano ni ule wa kwa mwenyekiti wa mtaa, ambapo majirani wa mipaka wanaitwa waje wasaini. Ya pili ni kiwanja kilichopimwa, nje ya mji. Hati inapatikana. Barabara za mitaa zimenyooka kama rula, majirani wachache, na kila mmoja ana fensi yake na geti lake. Bei, ukiweka gharama ya kuanza msingi, zinakaribiana.

Dalali alishamwambia achukue kiwanja. Mimi nilidhani atanieleza habari za hati, maana kwa kweli hilo ni jambo zito. Lakini yeye alisema hivi: "Frateri, nikinunua karibu na Kitete, nyumba yangu inakuwa Tura ya pili. Anayeumwa atashukia kwangu, anayejifungua kwangu, anayesindikiza mgonjwa kwangu, na mtoto anayeanza sekondari mjini kwangu. Sina mume wala mtoto, kwa hiyo wote wanaona nina nafasi. Sasa niambie, ni dhambi kuchagua mtaa ili ndugu wasinifikie kirahisi?"

Hilo ndilo swali. Ukilisoma haraka utasema ni swali la uchoyo. Mimi nimelibeba wiki kadhaa na sioni hivyo.

Kwanza niondoe majibu mawili yaliyokwisha kutolewa. Mjomba wake alisema mwanamke asijenge kabla ya ndoa, kwani mwanaume atamwogopa, na zaidi ya hapo ataolewa aende kwa mumewe. Mjomba namheshimu, lakini hapa hapana. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi kuwa sawasawa na ya mwanaume, na wala haiulizi kama ana pete. Na sisi Wakristo tuna sababu ya ndani zaidi ya hiyo. Mtu ambaye hajaoa hajakaa kwenye chumba cha kusubiri akingoja maisha yaitwe jina lake. Leo yake ni leo kamili. Nimeona vijana wananunua sehemu kwa ajili ya mwenzi ambaye hata jina hawalijui: "labda atapenda utulivu", "labda atakuwa na gari". Jamani, huyo mtu asiyejulikana ana kura ngapi kwenye ramani ya nyumba yako? Fadhila ya busara, kama Mtakatifu Thomas wa Akwino anavyoieleza, hushughulika na mambo mahususi yaliyo mbele yetu: mshahara huu, kazi hii, barabara hii. Mume akija, mtazungumza naye. Nyumba zinauzwa, zinapangishwa, zinaongezwa vyumba.

Jibu la pili lilitoka kwa mtu wa kanisani: pokea wote, mgeni ni Kristo. Ni kweli, na ni kweli tupu. Ila nimegundua kwamba wanaolisema kwa sauti kubwa ni watu ambao hawapiki. Mimi mwenyewe nalala nyumba ya parokia, chakula kinaandaliwa, na mgeni akija analala chumba cha wageni ambacho sikukijenga. Kumwambia mwanamke anayetoka zamu ya usiku saa 1 asubuhi kwamba watu sita sebuleni kwake ni baraka, wakati mimi sitafua shuka hata moja, ni kutumia Injili kwa gharama za mwingine.

Tuingie ndani ya jambo lenyewe. Kuchagua mtaa ni kuchagua jirani. Na ukichagua jirani umechagua pia ni nani atakayekuwa na haki ya kukugongea. Nchi yetu ina historia chungu hapo. Karibu kila mji wa zamani Tanzania una eneo linaloitwa Uzunguni, lingine Uhindini, na kwingine kote ni Uswahilini. Majina hayo hayakuota yenyewe. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi ya Dar es Salaam iliyogawa mji kwa aina ya nyumba, na Waingereza waliowafuata wakaendeleza mgawanyo huo: Wazungu kwenye viwanja vikubwa vyenye miti, Wahindi kwenye maduka, Waafrika walikobanana. Leo hakuna sheria ya rangi, lakini maneno "ushuani" na "uswazi" yanafanya kazi ileile kwa kipimo cha mfuko. Kijana akipata kazi, wenzake wanamuuliza "unahama lini uswazi?" kana kwamba kuhama ni sakramenti ya nane.

Mwaka huohuo wa 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, ambamo alitetea haki ya mfanyakazi kuweka akiba na kumiliki kipande chake cha ardhi. Kwa hiyo Kanisa halimwonei aibu dada yetu kwa kutaka chake. Mtakatifu Thomas alishaliweka vizuri zamani: ni halali mtu kuwa na mali na kuisimamia kama yake, lakini katika kuitumia awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Fensi basi si dhambi. Ina kazi ya kuzuia mwizi na mbuzi. Swali ni kama imejengwa ili kuzuia na hao wengine. (Na tusisahau kwamba hata yule mwenye hati yake safi amepewa muda, usiozidi miaka 99. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sheria yenyewe inatukumbusha kwamba sisi ni wapangaji. Wakati mwingine Bunge linahubiri kuliko frateri.)

Kwenye Biblia kuna mtu mmoja aliyechagua eneo kwa macho tu. Ni Lutu, katika Mwanzo sura ya 13. Abrahamu alimpa nafasi ya kuchagua kwanza. Akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila upande, akahamia huko, akasogeza hema lake hadi karibu na Sodoma. Maji alikagua. Watu hakukagua. Wengi wetu tunakwenda kuona kiwanja hivyohivyo, saa 4 asubuhi siku ya kazi, wakati mtaa mzima hauna mtu.

Lakini ninayemtaka zaidi ni Martha.

Fungua Luka sura ya 10. Katikati ya sura hiyo mwanasheria anamuuliza Yesu jirani yake ni nani, na Yesu anamjibu kwa habari ya Msamaria. Tunaijua sana, hadi tumezoea. Mwanasheria alitaka mpaka, kama tunavyotaka sisi beacon za kiwanja: jirani anaanzia hapa, anaishia pale, anayefuata hanihusu. Yesu anaondoka na swali limegeuzwa; mwisho wa hadithi tunaulizwa ni nani aliyekuwa jirani kwa yule aliyepigwa. Haya, mara baada ya hapo, bila hata kubadilisha sura, Luka anatuingiza nyumbani kwa mwanamke aitwaye Martha, aliyempokea Yesu kwake. Mume hatajwi. Anatajwa dada yake, Maria, na katika Injili ya Yohane kaka yao, Lazaro. Luka anaiona nyumba kuwa ni ya Martha.

Ilikuwa mtaa gani? Yohane anatuambia ndugu hao walikaa Bethania, na kwamba kijiji hicho kilikuwa karibu na Yerusalemu, umbali ambao kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 3. Yaani pembeni kidogo ya mji, kwenye njia ya wanaopanda kwenda Yerusalemu wakitokea Yeriko. Mtu aliyetembea njia ile ya kupanda anafika Bethania akiwa amechoka, na mji uko pale mbele. Ni Tura yao! Na katika juma lake la mwisho, Mathayo anasimulia, Bwana alitoka mjini akaenda kulala Bethania. Kesho yake akarudi Yerusalemu. Nikisoma hapo huwa nasimama. Katika juma lile ambalo mji mzima ulikuwa unamwandalia msalaba, kulikuwa na kijiji kilomita 3 tu kutoka mjini ambako alikuwa na marafiki na pa kulala. Kama Martha na ndugu zake wangeamua kukaa mbali ili wasisumbuliwe, sijui Bwana angelala wapi.

Ukiishia hapo utanihukumu kwamba nimempa dada yule jibu la yule mtu wa kanisani kwa njia ndefu. Subiri. Luka hafichi kwamba Martha alizidiwa. Alihangaika jikoni, akalalamika mbele ya mgeni, kitu ambacho kwetu Unyamwezi ni aibu kubwa. Na Yesu hakumwambia afunge mlango, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeingia kwa mlango huo. Wala hakumsifu kwa kujichosha. Alimwonyesha kwamba anasumbuka kwa mambo mengi. Naelewa hivi: Bwana aliitaka nyumba ya Martha, na hakutaka nyumba imle Martha. Vyote viwili. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba upendo una utaratibu, na kwamba mtu anatakiwa ajipende mwenyewe pia, kwani huwezi kumpenda jirani kama nafsi yako kama nafsi yenyewe umeshaitupa. Muuguzi asiyelala anaweza kumkosea dozi mgonjwa. Kwa hiyo kujiwekea kiasi ni haki, na kwa kazi kama yake ni wajibu.

Tofauti ninayoiona mimi ni kati ya kuweka kiasi na kuweka umbali. Kiasi unakitamka: "Chumba kimoja, siku tatu, chakula tutachangia." Kinakuuma kukisema, mjomba atanuna, lakini aliyenuna anajua bado ana pa kufikia. Umbali hautamki kitu. Unaacha barabara ikukatalie watu ili wewe usionekane umekataa. Na barabara haina busara. Haiwezi kumtofautisha binamu mvivu aliyekuja kukaa mwezi mzima na shangazi aliyetokwa na damu akiwa kwenye treni. Wote inawakatalia sawasawa, na shangazi ndiye atakayelala nje ya wodi akisubiri kupambazuke.

Kuna na upande wake mwenyewe, ambao hakuuweka kwenye hesabu nilipomsikiliza mara ya kwanza. Zamu za usiku. Kule kwenye viwanja vilivyonyooka angerudi na bodaboda usiku, kilomita kadhaa, kwenye eneo lenye nyumba chache na taa chache. Na akiugua? Mtu mwenye familia akizidiwa usiku, kuna atakayeamka. Mtu anayeishi peke yake anategemea sikio la jirani. Geti lililomzuia ndugu mchana ndilo litakalomzuia aliyesikia kilio usiku. Ndiyo maana mara nyingi nasema kijana anayeishi peke yake anahitaji jirani kuliko wenye ndoa, ingawa soko la nyumba linamuuzia faragha kana kwamba ndiyo hitaji lake la kwanza.

Sisi Wakatoliki wa huku tuna kitu ambacho dalali hakitaji kabisa: Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliziweka kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na jumuiya inafuata makazi. Huichagui kama kwaya. Ukinunua nyumba umenunua na jumuiya: yule mama anayeimba nje ya ufunguo, mzee anayerefusha maombi, kijana anayekuja kwa ajili ya chai. Barua ya ubatizo wa mtoto wako itaanzia kwao, na siku ya msiba wako wao ndio watakaoleta kuni. Nimemwambia dada, kabla hujalipa chochote, nenda ukasali na jumuiya ya mtaa huo mara tatu. Nenda jioni na usiku. Waulize walipoteza nani mwaka huu na nani aliwazika.

Sitaki kuupamba uswahilini. Mwanamke asiyeolewa katika mtaa uliobanana anahesabiwa: nani kaingia kwake, katoka saa ngapi, mbona leo kavaa vile. Umbea huo si upendo wa jirani hata ukiitwa "kujaliana", na nimeona watu wazuri wakihama mtaa kwa sababu yake. Faragha ni kitu chema. Bwana mwenyewe alitoroka umati akaenda kusali mahali pa upweke. Kuhusu ardhi isiyopimwa pia nisimdanganye mtu: mgogoro wa mpaka unaweza kukula akiba yote, na busara inadai uende ofisi ya ardhi ya manispaa uulize eneo lina mpango gani kabla ya kusaini. Ikionekana pagale lina utata, liache, na moyo wa kukaribisha utauhamishia kwenye kile kiwanja kingine. Fensi inaweza kuwa na geti linalofunguliwa.

Mimi sitachagua mtaa. Nikipewa daraja, Mungu akipenda, nitaahidi utii kwa askofu, na barua itaniambia nihamie wapi na majirani zangu ni akina nani. Wengine wananionea huruma kwa hilo. Dada yule alicheka akasema ananionea wivu, kwa sababu barua ikikupeleka mahali, hakuna ndugu atakayekulaumu.

Wiki iliyopita alinipigia. Manispaa wamemhakikishia kwamba pagale halimo kwenye hifadhi ya barabara wala kwenye mgogoro, na amelipa awamu ya kwanza. Majirani watatu wa mipaka wameshasaini. Wa nne ni bibi mjane wa upande wa nyuma, ambaye kabla ya kushika kalamu alimhoji nusu saa: kabila gani, anasali wapi, na kama atamruhusu aendelee kuanua nguo zake kwenye ule mwembe uliopo mpakani. Fundi naye amepewa agizo jipya. Chumba cha nyuma kitakuwa na mlango wake wa nje na choo chake, ili wageni wa Tura waingie na kutoka bila kupita sebuleni, na mwenye zamu ya usiku aweze kulala hadi saa 8 mchana.